Kabla Hujasema "Nzuri", Inama

Zaituni, mdogo wangu, siku ile ninaikumbuka hadi harufu yake, harufu ya plastiki mpya na vumbi la soko la Newala. Imenirudia leo kwa sababu umeniambia yule muuza hedifoni amerudi, kaweka meza pale pale, na unataka nikusindikize Jumamosi. "Unijaribie tu, wewe unajua." Maneno hayo hayo ndiyo yaliyoniponza. Ningekuwa mzee ningekuita mwanangu na kuanza kwa kukohoa. Lakini nimekuzidi miaka minne tu, na unanijua, mbele ya watu sauti yangu huishia kooni. Kwa hiyo nakuandikia humu kwenye daftari langu, ulisome mwenyewe. Nimekasirika, na sitaki hasira hii ipoe kabla sijamaliza.

Nilikuwa kidato cha pili. Wewe ulikuwa bado Lupaso kwa shangazi, hukuyaona. Mama Shaibu, mama yetu mdogo, mumewe alikuwa anafanya kazi ya kupakia mizigo Mtwara, na nafasi yake ya kupiga simu ilikuwa mchana, saa ile ambayo huku mwanamke ana ndoo kichwani au mwiko mkononi. Mama Shaibu alikuwa anaibana simu kwa bega, mpaka siku moja ikatumbukia kwenye ugali. Akasema basi, anataka zile hedifoni ndogo zisizo na waya, aongee na mumewe huku mikono inafanya kazi. Akanichukua mimi nikamkagulie, kwa kuwa nasoma, na kwa kuwa kila simu ikigoma pale nyumbani naletewa mimi.

Muuzaji alikuwa na maneno laini. "Hizi, mrembo, chaji siku nzima, maji hazijui, sauti kama uko ukumbini." Nikavaa. Nilisimama wima mbele ya meza, nikasikiliza wimbo mmoja, haukufika hata katikati. Na nakwambia ukweli, Zaituni, mambo niliyaona pale pale. Kidude cha kushoto sauti yake ilikuwa chini kuliko ya cha kulia. Mwimbaji alisikika kama anaimbia ndani ya pipa. Na cha kulia kilikuwa kinalegea, kila nikigeuza shingo nakisukuma kwa kidole. Nikamwambia, kwa ile sauti yangu, "Hiki kinalegea."

Akawageukia watu. "Jamani, njooni muone, masikio yake yamezikataa. Dada, hizi zimetengenezwa kwa masikio ya watu wazima. Wewe bado, kua kwanza." Watu wakacheka. Mama mmoja muuza nyanya alicheka mpaka akashika meza.

Mama Shaibu hakucheka. Aliniangalia usoni akauliza, "Zinafaa, mwanangu?"

Nikasema, "Nzuri."

Neno moja tu, nililisema ili tuondoke pale. Alilipa, tukarudi Mkunya, na njia nzima aliniambia ahsante.

Boksi lilisema chaji inadumu saa sita. Zilizimika kabla kunde hazijaiva. Akizichaji usiku kucha, kesho yake kimoja kimejaa, kingine kimekufa. Baba Shaibu alikuwa anauliza, "Uko mashineni? Unasaga?" Kumbe ni upepo tu wa huku kwetu, unaoingia kwenye kile kidude na kuifunika sauti ya mtu. Ikabidi Mama Shaibu apaze sauti, na majirani wote wakajua kwamba Baba Shaibu ana jipu, na wakajua liko wapi. Wala hakunilalamikia. Alidhani yeye ndiye hajui kuvaa, maana msomi alishasema nzuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mimi nilijua, nikanyamaza, na yeye akajiona mjinga.

Kisha ikaja siku ya kisima.

Ilikuwa kiangazi, mwezi wa nane. Unakijua kisima cha Bibi, kile cha saruji kinachojazwa na maji ya bati wakati wa mvua. Nyumba tatu zinakitegemea mpaka mvua nyingine. Mama Shaibu alikuwa anachota huku anaongea na mumewe. Simu kaifunga kwenye kanga kiunoni. Akacheka jambo aliloambiwa, akainama kuvuta kamba, na cha kulia, kile kile, kikatoka sikioni. Kilipogonga maji sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya kokoto. Akabaki ameinama pale mdomoni mwa kisima na cha kushoto bado kinaita, "Mama Shaibu? Haloo?"

Watu walijaa. Mjomba Hamisi akachungulia ndani kwa tochi. "Kile kina betri. Kikipasuka humo mtakunywa sumu mpaka Desemba. Yatolewe maji yote."

"Uyatie wapi?" Bibi akamuuliza. "Una mapipa ya mvua nzima wewe?"

"Sasa Bibi, bora kiu au bora tumbo?"

Bibi akaanza kuleta vyombo. Wakayajaza madumu yaliyokuwepo, masufuria, hadi beseni la kuogeshea mtoto. Vyombo vikaisha. Basi Mjomba akavuta ndoo nyingine na kuimwaga chini. Zaituni, hujawahi kuona maji ya kisima yakimwagwa chini mwezi wa nane. Ardhi iliyanywa mara moja. Mama Shaibu alikaa chini akajifunika uso kwa kanga.

Mimi nilikuwa nyuma ya watu, nimeshika lile kasha la kuchajia. Nikakumbuka jinsi kidude kinavyoruka chenyewe kukaa mahali pake ukikisogeza. Nikasema, "Kina sumaku." Hakuna aliyesikia. Ndoo ya pili ikamwagwa. Nikasema tena. Ya tatu ikamwagwa, na sijui sauti ilitoka wapi, maana ilinitisha hata mimi. "Kina sumaku, acheni kumwaga!"

Mjomba Hamisi akashusha ndoo. "Kumbe una sauti."

Tukaivunja ile redio mbovu ya Babu, tukatoa sumaku ya spika, nikaiosha, tukaifunga kwenye kamba ya ndoo. Tukaikokota chini ya kisima, kona hadi kona. Mara ya kwanza ilikuja na msumari. Baadaye ikaja na kijiko. "Kijiko changu," Bibi akasema, akakichukua akakifuta kwenye kanga kama hakuna jambo jingine linaloendelea. Tuliendelea mpaka viganja vikachubuka, na mwisho kikaja, kimeng'ang'ania sumaku kama kupe. Kilikuwa kizima, hakijapasuka. Hata hivyo Bibi hakutaka kubahatisha. Wiki nzima maji ya kunywa tuliyapangia foleni bombani, na ya kisimani yakawa ya kufulia.

Jioni ile Bibi akaniita uani, alikokuwa anachambua korosho. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia "Marahaba" bila kuinua macho.

"Zile hedifoni ulizipimaje?"

"Nilisikiliza."

"Ukiwa umekaaje?"

"Nimesimama."

"Nani hapa Mkunya anachota maji amesimama wima?"

Ndipo akanieleza jambo ambalo hata mama hakulijua. Zamani alikuwa kibarua wa kupima korosho ghalani. Gunia likiletwa, unalichoma kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, unatoa korosho za juu, za tumboni na za chini kabisa, unazipasua kwa kisu uone ndani. Korosho za juu huwa nzuri siku zote, kwa sababu mwenye gunia ndiye aliyezipanga. Siku moja jamaa mmoja alimtania mbele ya foleni, eti mwanamke gani huyu anachoma gunia kama anachoma mkuki, na vibarua wote wakacheka. Bibi akaona haya. Gunia la jamaa yule akalichoma juu tu, akasema safi. Tumboni zilikuwa zimeoza. Mzigo wote wa kijiji ukarudishwa kutoka mnadani, na wa wale waliokausha vizuri ukarudi pia.

"Walinicheka muda mfupi tu," akasema. "Lakini msimu mzima watu walikuwa wananipita bila salamu. Neno la mpimaji si lake. Likishatoka mdomoni, kuna mtu anaenda kulitumia."

Kesho yake tulirudi Newala, mimi na Mama Shaibu. Muuzaji akakigeuza kile kidude mara moja. "Kimeingia maji. Hapo hakuna cha kurudisha." Nikamwonyesha boksi, lile tone la maji lililochorwa na maandishi kwamba maji hayaingii. Akatabasamu.

"Hiyo ni michoro tu, dada."

Michoro tu. Mtu anachora tone la maji kwenye boksi, anaandika saa sita, anamcheka mtoto wa watu mbele ya soko, na akiulizwa ni michoro tu. Na leo amerudi, ana maboksi yale yale, na wewe unasema ni nzuri kwa sababu zinawaka taa ya buluu.

Sasa nisikilize. Sikukatazi kununua. Vitu vya bei ndogo vipo vinavyofaa, na si kila mtu ataweza kununua vya bei kubwa. Lakini usipime korosho za juu. Ukivaa, inama kama unavuta ndoo, tena tikisa kichwa, tena tafuna kitu, maana taya likicheza ndipo kinapochomoka. Jitande mtandio wako wa shule juu yake uone kama bado unasikia. Toka nje penye upepo umpigie mtu, umwulize yeye anasikia nini, usijiulize wewe. Fungua video ya somo uone kama mdomo wa mwalimu na sauti yake vinakwenda pamoja. Vaa kimoja kimoja, ulinganishe. Chaji huwezi kuimaliza mezani, kwa hiyo mwambie akuandikie kwamba utarudisha ndani ya siku tatu, na zile siku tatu uzitumie mpaka zizime zenyewe, uangalie saa. Asipotaka kuandika, hilo nalo ni jibu, rudi nyumbani.

Na kubwa kuliko yote, mtu akikuuliza, sema ulichosikia. Kikilegea sema kinalegea, hata ukiwa na sauti ndogo kama yangu. Useme tena. Ukiulizwa mara ya tatu, useme kwa nguvu.

Mungu akupe masikio yanayochagua, akupe na ulimi usiotafuta njia ya kutorokea. Akulindie kisima cha Bibi mpaka mvua. Jumamosi nitakuja nawe. Nitavaa, halafu nitainama palepale mbele ya meza yake, mpaka vidole viguse chini. Yule mama wa nyanya akitaka kucheka, acheke.