Pipa Nisilolitoboa

Kwenye kiwanda cha mbao Kibiti nilipewa kazi ya kutoboa mapipa matupu ya dawa ya kuhifadhia mbao, yasije yakatumika majumbani. Asubuhi moja ya Ramadhani nililionea huruma moja, nikalisugua kwa majivu, nikampelekea mama mwenye nyumba wangu awekee maji.

Jioni afisa wa mazingira akaja kukagua.

"Sumu hii haioshiki," akatuambia. "Mtu akiinywa, mchimbieni kaburi."

Nikatoka mbio. Adhana ya magharibi ilinikuta njiani. Nilipofika, kikombe kilikuwa mdomoni mwake. Nikakipiga, kikaruka.

"We mtoto, una wazimu? Nimefunga mie!"

"Umeshakunywa, mama?"

"Funda moja tu."

Nikambeba mgongoni kwenda zahanati. Alinitukana njia nzima, nami nilimwomba Mungu mama huyu asinyamaze.