Ndege Yenye Kiu

Kazi ya mwisho ya kawaida aliyoifanya mke wangu ilikuwa kupepeta debe la mahindi na kuliweka mlangoni ili nilipeleke mashineni. Siku hiyo hiyo aliugua ghafla, akafariki. Debe lilikaa pale mwezi mzima.

Wiki iliyopita nililipeleka. Mashineni, hapa kijijini Daudi, foleni ilikuwa inajadili ndege mbili zilizogongana angani, habari waliyoiona kwenye simu.

"Kosa la rubani," alisema msagaji.

Mzee mmoja, mfugaji kutoka Hanang, akainua fimbo. "Sisi njiani, ng'ombe waliokwisha kunywa huwapisha wenye kiu. Ndege ipi ilikuwa na kiu?"

"Ndege hainywi maji, babu."

"Na mafuta hainywi?"

Msagaji akamimina debe jingine. Mama aliyekuwa mbele yangu akanigeukia. "Mwalimu, wewe umesoma. Kosa la nani?"

Msibani kwangu walijadili hivyo hivyo. Wengine walilaumu gari, wengine daktari, na wengine, kwa sauti ya chini, mimi niliyechelewa kumpeleka hospitali. Tangu hapo nami najiuliza kila siku.

"Sijui, mama."

"Umesoma bure," alisema, akachungulia debe langu. "Na mahindi yameingia wadudu. Haya, tangulia usage."

Kati ya wachunguzi wote wa ajali ile, ni yeye pekee niliyemwona akimpisha mtu.

Asubuhi iliyofuata nilikoroga uji wa unga ule. Ukatoka na mabonge. Sikuunda tume ya uchunguzi, niliunywa.