Wimbo wa Mama Yake Nyemo

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu kwenye treni mpaka Waswidi wananitazama. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimepata kazi ya kupiga cello, ile fidla kubwa ya kubana magotini, katika okestra hapa Stockholm. Mgogo wa Dodoma mimi. Bibi yangu alibana magotini ngoma ya muheme, nami nabana cello mbele ya watu waliovaa suti. Kichwa kilinivimba, sikufichi.

Basi rafiki yangu Nyemo akaolewa, sherehe ikawa Jakobsberg, kitongoji cha hapa Stockholm. Mama yake alikuwa amefariki mwaka ule ule. Akaniomba kitu kimoja tu: nimpigie kwa cello wimbo ambao marehemu alikuwa akiwaimbia maharusi kwetu. Nikaufanyia mazoezi wiki tatu nzima.

Siku ikafika, nikaanza. Sijafika mbali, wanawake wakadakia: huyu vigelegele, yule makofi, mwingine anagonga sinia. Nikaudhika. Nikanyanyua upinde wa kupigia cello, nikasema, "Naombeni utulivu." Wakanyamaza wote. Nikaupiga wimbo mpaka mwisho bila kukosea popote, na Nyemo akainamisha kichwa akalia, wala si kwa furaha.

Shangazi yake akanifuata pale pale kitini.

"Binti, wimbo huu umewahi kuusikia ukiimbwa na mtu mmoja?"

"Hapana, shangazi."

"Sisi tulikuwa tunakuitikia. Umemnyang'anya mwenzio mama yake mara ya pili. Haya, anza upya, na ukifika mahali petu utuachie."

Niliona aibu, jamani. Nikaanza upya. Nilipofika pa kuitikia nikatulia, wakapokea kwa sauti zote, na Nyemo akainuka kucheza huku machozi yanamtoka na anacheka. Wageni wakatutaka turudie mara nne, na mkono uliniuma siku mbili.

Sasa wewe unasoma muziki, na ukija kwangu unanijibu Kiswidi. Sikugombezi. Jifunze ufundi wao wote, hata yale mazoezi yanayochosha, maana ufundi huo ndio ulionilisha mimi maisha yangu yote. Lakini kabla hujapiga wimbo wa kwenu, uliza nani huuitikia, umwachie nafasi yake.

Mungu akupe vidole vyepesi na masikio yasiyo na kiburi, mwanangu, na popote utakapoanzisha wimbo, usikose wa kukuitikia.