Maji ya Chini ya Machimbo

Kila Jumatatu Abdia huchota maji ya kijito chini ya machimbo ya jasi, karibu na Garsen, ili yakapimwe kama machimbo yanayachafua. Wanakijiji walimchagua kwa uaminifu wake.

Jumatatu moja alimkuta baba mkwe wake akinywesha ng'ombe mahali pale. Kwao, mke wa mwana hapiti mbele ya mkwewe. Abdia akapanda na kijito hadi juu ya machimbo, akajaza chupa huko, kisha akaiandika "Chini".

Majibu yakaja: maji ni safi. Jirani yake Nelly akafurahi, akamwambia Abdia:

"Mama Abdinur, umenipumzisha. Sasa wanangu wanakunywa ya hapa hapa kijitoni."

Abdia akainamisha uso, akamweleza yote.

"Kumbe ulimstahi mzee kwa matumbo ya wanangu?" Nelly akauliza, akimwaga ndoo yake.

Abdia akachukua chupa nyingine, akateremka. Mzee alikuwepo na ng'ombe wake. Abdia akajifunika uso kwa mtandio, akapita mbele yake, akaingia majini hadi magotini, akachota. Mpaka leo husimulia jambo hili akitazama pembeni.