Mzee wa Mama na Kanda Zake

Juzi nilikuwa nimekaa kwa daktari wa meno huko Perry Barr, hapa Birmingham, nangoja kuitwa, nikainua macho kwenye televisheni ya ukutani. Sauti walikuwa wameizima. Ilikuwa tamthilia ya zamani, zile zinazorushwa mchana kwa ajili ya wagonjwa na wastaafu. Mlango ukafunguliwa, akaingia askari polisi mnene mwenye nyusi nzito, akavua kofia, akatikisa kichwa kwa huzuni, akatoka. Basi. Lakini mate yalinijaa mdomoni kama mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika, na halikuwa jino.

Ungekuwa umekaa kando yangu ningekuambia: huyo namjua. Nimemjua akiwa kibogoyo.

Aliishi si mbali na kituo cha treni, katika moja ya zile nyumba za matofali mekundu zilizobanana, na mama alikuwa ndiye mtunzaji wake. Hiyo ni miaka ya mwanzo ya elfu mbili, tukiwa bado wageni Birmingham. Mama alikuwa ametoka Nakuru na cheti cha unesi ambacho hapa hakikumsaidia, akaishia kuosha wazee majumbani mwao. Mimi nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi, ninayejibu Kiswahili cha mama kwa Kiingereza kama watoto wote wa kanisani kwetu. Siku za shule nilibaki kwa jirani, mama mmoja wa Kikongo aliyenipenda na kunifokea kwa Kifaransa. Lakini Jumamosi jirani huyo alikuwa na safari zake za Sparkhill kununua nyama na vitambaa, kwa hivyo mama alinichukua kazini, ingawa haikuruhusiwa. "Twende kwa mzee wangu," angesema, akifunga chapati kwenye foili na ndengu kwenye kopo la aiskrimu.

Mwanzoni nyumba ile ilinitia kichefuchefu. Ilinuka mkojo wa paka, kabeji iliyochemshwa ikasahauliwa, na ule moto mkavu wa hita ya gesi. Meno yake ya bandia yalikaa ndani ya glasi dirishani, yakinitazama. Alikohoa na kutema kwenye kitambaa, kisha akakifungua aangalie alichotema. Siku ya kwanza niliziba pua, mama akanivuta hadi jikoni na kuniambia polepole, maana hakuwa mtu wa kupaza sauti, "Uzee si uchafu. Sote tunaelekea huko." Nikaitoa mikono puani. Baada ya majuma machache sikuisikia tena ile harufu.

Kilichonitoa kwenye kichefuchefu kile ni kanda zake za video. Ukuta mzima. Yule mzee alikuwa mwigizaji tangu enzi za picha zisizo na rangi mpaka alipoishiwa nguvu za miguu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwa mtu mkubwa. Hakuwahi kuwa bwana harusi. Alikuwa kasisi anayewafungisha wengine ndoa. Alikuwa dereva, bawabu, hakimu, mlevi wa baa, daktari anayetoka chumbani na habari mbaya. Aliuawa mara nyingi sana, kwa kawaida kabla sijamaliza chapati yangu. "Wakubwa hupendwa," alizoea kusema, "wadogo huitwa tena." Mama akimaliza kumwogesha na kupiga deki, tulikaa sote watatu na kuweka kanda, na mchezo wetu ulikuwa kumtafuta. Aliyemwona kwanza alipiga makofi. Mama alikuwa hodari kuliko mimi. Alimtambua hata akiwa amegeuza mgongo.

Tena mzee alinifundisha kusoma kwa sauti. Shuleni nilikuwa mtoto wa kunong'ona, mwalimu wangu akiniinamia asikie. Mzee alinisimamisha kando ya hita, akaniambia nivute pumzi kutoka tumboni na nimsomee gazeti paka wake. Nilimpenda. Nalisema waziwazi kwa sababu bila hilo hutaelewa lililofuata.

Jumamosi moja mama alimpikia mandazi, ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Mzee alikuwa amechangamka tangu tulipoingia. Alimwambia mama, aliyemwita "sista" kama wagonjwa wa hospitali za zamani, kwamba leo ana zawadi yetu sisi wawili, kitu cha kwetu. Akanielekeza kanda iliyokuwa rafu ya juu. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu wa mzee juu ya mapaja yake, beseni la maji ya moto kando, akimkata kucha.

Ilikuwa filamu ya wawindaji. Pori lenyewe lilikuwa miti ya kwenye vyungu. Wazungu wawili walitembea mbele, na nyuma yao mpagazi mwenye sanduku kichwani. Nilimtambua kwa nyusi. Walikuwa wamempaka kitu cheusi kinachong'aa, wakamchora midomo myeupe. Alitoa macho, akatetemeka magoti, akasema "bwana, bwana," kisha akaanza kubwabwaja, milio tu, kama mtu anayemwigiza nyani.

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Akamwambia mama kuwa hiyo ni lugha yetu. Mwelekezaji alikuwa amemruhusu abuni lolote. Mimi nilikuwa na andazi mdomoni nikashindwa kulimeza. Sikulitema pia. Nilimtazama mama.

Mama hakuinua kichwa. Alimaliza kidole alichokuwa nacho, akahamia kingine, mpaka mguu ukaisha. Akaukausha kwa taulo katikati ya vidole, akamvisha soksi, akaenda kuzima video. Ndipo akasema, "Babu yangu alibeba mizigo ya wazungu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yote yalieleweka."

Mzee akasema ilikuwa kazi tu. "Na kila mtu alicheka."

"Kila mtu nani?" mama akamuuliza.

Mzee akauliza kama kuna chai. Mama akamtengenezea chai.

Kwenye kituo cha basi nililitema lile andazi kwenye pipa la taka, nikamwambia mama kwa Kiingereza kwamba mtu yule ananitapisha na asirudi kwake. Akaniuliza kesho nani atamgeuza kitandani. Nikakasirika naye pia. Lakini Jumamosi iliyofuata, akijiandaa, sikuona foili wala kopo la aiskrimu. Nilipouliza, alikuwa akifunga viatu. "Kumtunza ndiyo kazi yangu," akasema. "Chapati hazimo kwenye kazi."

Mimi sikurudi tena. Jirani wa Kikongo alikubali kunizungusha naye Sparkhill, nikimbebea mifuko. Mzee aliniulizia. Alinitumia peremende, nikazitupa bila kuzifungua. Halafu akamtuma mama aniambie kwamba ile kanda ameitupa, kwamba ameelewa kwa nini siji. Nilifurahi, usinicheke. Kwa juma zima nilikuwa nafikiria kurudi. Kisha mama akarudi nyumbani, akavua koti, akaniambia hawezi kunificha: alikuwa akipangusa vumbi na ameiona palepale ilipokuwa. Hata hakuihamisha rafu. Nadhani hilo ndilo lililonichukiza kupita filamu yenyewe, kwamba aliona mtoto anastahili tu kuigiziwa.

Mzee alifariki majira ya baridi, hospitalini. Mama alikwenda mazishini akiwa na koti lake la kanisani, akasema watu walikuwa wachache na ukumbi ulikuwa baridi. Jioni ile ile televisheni ikamkumbuka. Walipanga vipande vya maisha yake, bawabu, hakimu, kasisi, na katikati yake, bila aibu yoyote, mpagazi mwenye midomo myeupe. Watangazaji walitabasamu, wakasema hakukuwa na sura asiyoiweza. Mama akazima, akaniambia tule, ugali unapoa.

Ilipokuwa nyumba ile sasa pana magorofa mapya. Duka la kukodisha kanda za video lililokuwa mtaani limefungwa, jirani wa Kikongo amehamia kwa mwanawe, na mama amestaafu na magoti mabovu ya kuinua watu wazito kuliko yeye. Ningependa kumwambia mwanangu habari za utoto wangu bila kupita kwa mtu yule, lakini njia nyingine sina. Miaka ile mama alifanya kazi mchana na usiku. Alikula amesimama, aliomba akitembea, alinisuka nywele huku jicho liko kwenye saa. Nikimtafuta akiwa ameketi, mikono imetulia, anacheka, anapiga makofi kwa sababu ameniwahi, namkuta mahali pamoja tu, chumbani mwa yule mzee, na yule mzee yupo katikati yetu.