Chipsi Zilizoshinda Kura Mwakitolyo

Nilirudi kutoka Dar na vitu ambavyo ukoo wetu haujawahi kuviona: stashahada ya masoko, niliyojisomesha kwa kubeba mizigo Kariakoo, na akiba ya kufungua mgahawa penye machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo. Akiba yote iliingia humo. Mgahawa ukifa, ningerudi mjini, Kambarage, kulala sebuleni kwa dada.

Wengine hufungua mgahawa kwa kubahatisha. Mimi ni msomi. Niliingia kwenye kundi la WhatsApp la wachimbaji wa Mwakitolyo nikaweka kura: chipsi kuku au ugali? Chipsi zikashinda kwa kishindo. Nikanunua karai kubwa na magunia ya viazi, ukuta nikaupaka rangi ya njano.

Mchana wachimbaji wakatoka kwenye maduara, mashimo yao ya dhahabu, weupe kwa vumbi. Wakachungulia, wakapita. Wiki nzima hivyo, hadi viazi vikaanza kuchipua.

Nikampigia mmoja wa waliochagua chipsi, tena yule aliyeweka na vikopa.

"Kaka, mbona huji kula?"

"Kula wapi?"

"Hapa Mwakitolyo!"

"Ah, ng'wanawane, ndugu yangu! Mimi nilishahamia Nyarugusu, huku Geita."

"Sasa ulipiga kura ya nini?"

"Uliuliza tunapenda nini. Mimi napenda chipsi. Kwani uliuliza tuko wapi, msomi?"

Nikasikia wenzake wakicheka nyuma yake. Kumbe dhahabu ikisikika kwingine, mchimbaji hubeba sururu akahama, ila kwenye kundi hatoki. Wapiga kura wangu walitapakaa Geita hadi Chunya. Na waliobaki Mwakitolyo, wakati mimi nahesabu kura, walikuwa chini ya ardhi, simu wameziacha juu.

Mtu aliyejisomesha kwa mgongo wake hakai akalia. Kesho yake nikasimama mdomoni mwa duara, nikawauliza wanaotoka.

"Bosi, chipsi ni za kumnunulia mchumba jioni," akasema mmoja akijikung'uta. "Saa hizi tumbo linataka ugali."

"Na dagaa!" akadakia mwingine. "Hiyo njano yako tutaizoea."

Mchana ule nikasonga ugali mwenyewe, mikono hii hii. Hawajamaliza kunawa wote, sufuria ikawa tupu. Waliokosa wakanifokea: "Kesho songa kubwa, bosi, au tunahama, wewe tunakuacha!"

Nikaenda gulioni nikachukua sufuria kubwa kuliko zote.