Vidonda vya Tumbo

Mariyakutti alikuwa fundi wa blauzi za wanawake katika kijiji kimoja karibu na mji wa Manjeri, na kwa miaka kumi na moja cherehani yake haikulia siku ya Jumanne. Siku hiyo ilikuwa ya wagonjwa. Alipanda gari la kikundi cha kujitolea kilichomfundisha kuhudumia wagonjwa, pamoja na muuguzi Lissi, wakazunguka kwa watu ambao hospitali ilikuwa imewarudisha nyumbani kwa kuwa haikuwa na la kuwafanyia tena. Gari lilichangiwa na kijiji kizima, mafuta yalitoka kwa madereva wa bajaji, shuka kwa muuza vitambaa wa sokoni, uji wa mchele kwa kina mama wa mtaa. Lissi alisafisha madonda na kutoa dawa za maumivu. Mariyakutti aliosha watu, aliwakata kucha, aliwasikiliza. Kukaa na mtu anayekufa bila kuibia macho saa ya ukutani ni kazi, na yeye aliiweza kuliko wengi. Nalisema hilo mapema, maana linalofuata halimpendezi.

Mwezi wa Rajabu alirudishwa Biyyathu, mwanamke wa miaka sabini na moja, na saratani ya ini. Mwanawe wa pekee, Ashraf, alipiga simu kutoka Sharjah siku hiyohiyo.

"Shangazi Mariya, mama asijue. Akijua, woga utamuua kabla ya ugonjwa."

"Na majirani?"

"Hao ndio kabisa! Watakuja na biskuti zao wamlilie usoni. Semeni ana vidonda vya tumbo. Niapie, shangazi."

Wana wetu walioko Ghuba ndivyo walivyo. Nyumbani hawajakanyaga mwaka wa pili, lakini amri zao hufika kabla ya salamu. Mariyakutti akaapa.

Lissi alipoambiwa, alikunja uso. Alikuwa mtu wa mbali, wa Kottayam, hana simile. "Asiponiuliza, sitasema. Akiniuliza, simdanganyi. Na wewe ulifundishwa hivyohivyo, tulikaa darasa moja."

"Nilifundishwa. Lakini huyo Ashraf nimemwona akitambaa."

"Basi mfunge nepi. Anayekufa ni mama yake."

Hata hivyo kiapo kikashika. Gari likawa linaachwa msikitini ili watu wasiulize maswali, na wale wawili wakapita kwa miguu katikati ya mipopoo, kikapu cha dawa kimefunikwa kanga kama cha watu wanaokwenda karamuni.

Sasa, Biyyathu alikuwa na mdogo wake, Nafisu, aliyekaa ng'ambo ya shamba la mpunga, karibu kiasi kwamba kila mmoja alimsikia mwenzake akiita kuku. Walikuwa hawajasemezana miaka tisa. Sababu yenyewe ni aibu kuitaja: biriani. Kwenye harusi ya binti wa Nafisu, Biyyathu alisema mbele ya wakwe kwamba nyama ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Nafisu alikuwa mjane, na nyama ile aliipata kwa kuuza bangili ya mahari yake. Aliinuka, akaenda jikoni, na tangu hapo akawa hana dada.

Siku moja ya Shaabani Nafisu alikuja dukani na kitambaa cha kushonwa. Alikitandaza, akakikunja, akakitandaza tena.

"Eti yule mtu wa ng'ambo bado anaumwa?"

"Yule mtu wa ng'ambo ana jina, Nafisu."

"Vidonda vya tumbo, nimesikia."

Mariyakutti alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, taratibu, na hazikumpa jibu bora. "Ndiyo. Vidonda vya tumbo."

"Hata mimi ninavyo. Haviui." Nafisu akajifunga mtandio. "Akipona, aje mwenyewe. Aliyesema ni yeye, si mimi. Kukiwa na jambo kubwa utaniambia?"

"Nitakwambia."

Ng'ambo ya pili, maneno yalikuwa yaleyale yamegeuzwa upande. Jumanne ya kwanza ya Ramadhani Mariyakutti alikuwa akimpaka Biyyathu mafuta miguuni. Tumbo lilikuwa limejaa, miguu imebaki fimbo. Lissi alikuwa nje akinawa.

"Mariya, nikipata nguvu nitakwenda kwa Nafisu."

"Nikuitie aje?"

"Thubutu! Akinikuta nimelala hivi atasema maradhi ndiyo yamenilainisha. Nataka anione nimesimama mlangoni kwake, nimwambie nilikosa. Mdomo wangu huu, Mariya, laiti ungeushona wewe zamani." Akacheka, akakohoa, kisha akamkazia macho. "Niambie kweli. Nitafika Idi?"

Mlango ulikuwa wazi. Mariyakutti angeweza kumwita Lissi. Angeweza kusema lile alilofundishwa: wewe mwenyewe unaonaje, dada? Biyyathu angesema, maana macho yake yalikuwa yanajua nusu, na jioni ileile Nafisu angevuka shamba. Lakini akilini alimwona tena Ashraf mtoto akitambaa, akaona mwanamke anayemtazama kwa matumaini, moyo ukamlegea.

"Utafika, dada. Tena hebu nikupime, nikushonee blauzi nyeupe ya kwendea kwa mdogo wako."

Akamzungushia futi kifuani. Biyyathu alijikaza kisabuni, akanyoosha mikono kama msichana anayepimiwa nguo ya harusi. Tangu siku hiyo hakuuliza tena. Alikuwa anangoja miguu.

Alifariki tarehe ishirini ya Ramadhani, saa tatu asubuhi. Ashraf alikuwa angali uwanja wa ndege.

Wanawake walipoanza kuosha maiti, Nafisu aliingia, mtandio umemteleza, matope ya shamba hadi magotini. Hakulia. Aliomba kata ya maji, akapewa. Shuka lilipoinuliwa upande kwa stara, aliona mbavu, akaona tumbo lile, mkono ukasimama.

"Hivi si vidonda," akasema.

Shahina, mkewe Ashraf aliyekaa na mama mkwe, aliangalia chini. Nafisu akamgeukia Mariyakutti.

"Tangu lini mnajua?"

"Rajabu."

"Mimi nilikuja dukani Shaabani."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza, Nafisu." Mariyakutti alitafuta kitu cha kumpa, akapata kimoja tu, akakitoa. "Alitaka kuja kukuomba radhi. Aliniambia mwenyewe. Alisema atakuja kwa miguu yake, asimame mlangoni kwako."

Nafisu alitazama miguu iliyokuwa mbele yake juu ya ubao, akaushika mmoja, kidole gumba na cha kati vikakutana kwenye muundi.

"Kwa hii?" akauliza. "Na wewe ulikuwa unaiona kila Jumanne?"

Mariyakutti alisema ndiyo. Nafisu akarudi kwenye kata yake, akamwagia dada yake maji kuanzia bega la kulia, akiongea naye kwa sauti ya chini mambo ya miaka tisa, wajukuu, paa lililovuja, bei ya mpunga. Wenzake walimngoja. Mariyakutti alisimama na ndoo mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aitue.